Kuishi Dar es Salaam kwa bajeti finyu baada ya kufilisika

Kufilisika kuna sura mbili, na ni muhimu ujue uko katika ipi kabla ya kupanga matumizi yako. Sura ya kwanza ndiyo ya wengi: duka limefungwa, mali imeuzwa au imechukuliwa na wanaodai, na mtu amebaki na madeni bila mahakama kutamka lolote. Sura ya pili ni ya kisheria, ambapo Mahakama Kuu imetoa amri chini ya Sheria ya Ufilisi na mali ya mdaiwa imewekwa mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisika. Kazi hiyo inasimamiwa na RITA, wakala uleule ambao wengi wetu tunaufahamu kwa vyeti vya kuzaliwa tu.

Ikiwa uko katika sura ya pili, anayekudai deni la kabla ya amri anapaswa kuelekezwa kwa mfilisi badala ya kukugongea mlango usiku, ingawa benki iliyoshikilia hati ya nyumba kama dhamana bado ina haki yake juu ya nyumba hiyo. Nguo, matandiko na vifaa vya kazi vya kiasi huachwa ili uweze kujitafutia riziki. Hupaswi kuchukua mkopo unaozidi kiwango cha kisheria bila kumweleza anayekukopesha hali yako, wala huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Hali hiyo huondolewa kwa amri ya mahakama, kwa hiyo hifadhi kila karatasi unayopewa, na kama huna wakili, tafuta mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Baada ya hapo, jambo la kwanza ni kusema ukweli nyumbani. Ninalisisitiza kwa sababu nililikosea mwenyewe. Duka langu la vifaa vya ujenzi lilipofungwa, kwa miezi minne niliendelea kuaga asubuhi kana kwamba naenda kazini, na hela ya matumizi niliyokuwa nikiacha mezani ilikuwa ya kukopa. Siku niliyomwambia mke wangu, hakulia wala hakunilaumu. Alichana karatasi katikati ya daftari la mtoto, akachora mstari, akaanza kuniuliza kimoja kimoja: nauli ya jana, chakula cha mchana, vocha, bodaboda kutoka stendi. Tulipojumlisha, tuliona kwamba gharama ya kuficha hali yetu ilikuwa kubwa kuliko kodi ya nyumba. Soda niliyowanunulia watu kijiweni ili wasishuku ilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe ifanywe kwa siku, kwa kuwa fedha za Dar es Salaam hutoka kila siku hata kama zinaingia mwisho wa mwezi. Tuseme kaya inapata shilingi 450,000 kwa mwezi. Ondoa kwanza kodi ya chumba na sebule, tuseme 100,000; umeme na maji 30,000; nauli 80,000; na akiba ya ugonjwa 30,000. Zinabaki 210,000, ambazo ukizigawa kwa siku thelathini unapata shilingi 7,000 kwa siku. Namba hiyo ndiyo bosi wa nyumba. Siku mliyotumia 5,000, ile 2,000 iingie kwenye kopo la akiba, na siku mliyotumia 9,000, kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue kwamba kesho ni 5,000. Kama kipato ni cha kibarua na hakitabiriki, tumia kipato cha mwezi mbaya kuliko yote uliyoupitia karibuni, usitumie cha mwezi mzuri.

Kodi ya nyumba inahitaji mazungumzo ya mapema, kwa sababu wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo, na hapo ndipo watu hurudi kwenye mikopo. Mwone mwenye nyumba mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha, umweleze hali yako kwa heshima na umwombe apokee utaratibu wa miezi mitatu mitatu. Ukiamua kuhamia mbali kidogo, Chanika au Chamazi kwa mfano, jumlisha kodi na nauli pamoja, maana chumba cha bei rahisi kinachodai daladala mbili kwenda na mbili kurudi kinaweza kukugharimu kuliko ulichokihama. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa malipo ya kabla, ni wajibu wa mwenye nyumba. Ni haki kumwomba aipunguze kwenye pango. Na kama mita yako iko kwenye daraja la watumiaji wadogo, jitahidi usivuke uniti 75 kwa mwezi, kwa kuwa bei ya uniti za ziada ni zaidi ya mara tatu.

Kwenye chakula, mwenye kipato kidogo huumizwa na vipimo. Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima na sukari ya robo vyote ni ghali kwa kilo kuliko vikinunuliwa kwa wingi, lakini asiye na mtaji hana namna ila kununua hivyo hivyo. Njia ya kutoka ni kupanda ngazi kwa bidhaa moja moja: hela ya kopo la akiba ya wiki mbili za kwanza inunue debe la mahindi mkasage dona, inayofuata inunue gunia la mkaa, hata kama ni kwa kugawana na jirani, inayofuata, maharage. Maharage yalowekwe usiku kucha, yachemshwe kilo nzima kwa moto mmoja na kugawanywa mafungu, kisha kila siku liungwe fungu moja, leo kwa nazi, kesho kwa nyanya na karoti. Samaki wa soko la Feri nao huwa nafuu kwa kaya tatu au nne zikimtuma mmoja alfajiri akanunue kwa pamoja. Matembele hayahitaji shamba. Gunia lenye udongo uani linatosha, nayo huchumwa na kuchipua tena.

Daftari la kukopa dukani lifungwe. Mlipe Mangi, mwenye duka, anachodai kidogo kidogo, lakini usiandikishe tena hata kiberiti, kwa sababu daftari ndilo linaloifanya ile 7,000 isiwe ya kweli. Kubwa zaidi, jiepushe na mikopo ya kausha damu, inayoshikilia kadi yako ya benki na namba ya siri au kubeba televisheni siku ukichelewa. Programu za mikopo za kwenye simu, ambazo husoma majina yaliyomo kwenye simu yako na kuwatumia ndugu ujumbe wa kukudhalilisha, nazo ni hatari vilevile. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Michango ya harusi na sherehe ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa kukaa kimya kunaonekana dharau na kuahidi bila kutoa kunavunja undugu. Jibu mapema, kwa maandishi, na utoe ulichonacho kisicho fedha. Nilimwandikia binamu yangu hivi: “Kaka, hongereni sana. Mwaka huu sitaweza kuchangia fedha kwa sababu biashara yangu imeanguka, lakini niwekeni kamati ya chakula, nitakuwa nanyi tangu Ijumaa.” Alinipigia simu usiku uleule. Misiba ni tofauti. Huko nenda, hata kwa miguu, na rambirambi iwe ndogo.

Watoto wahamishiwe shule ya serikali bila kuona haya. Ada imeondolewa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita, ingawa sare, madaftari na nauli vinabaki kwako, na vyote huja Januari pamoja na kodi. Hapo mchezo wa mtaani, ambapo wanachama huchanga na kupokezana fedha kwa zamu, unaweza kukusaidia ukiutumia kwa uangalifu. Anayepokea namba za mwanzo kwa kweli amekopa, na mtu aliyefilisika hapaswi kuwa huyo. Anayepokea mwishoni ameweka akiba, mradi wanachama ni watu mnaofahamiana kwa muda mrefu. Mwombe kijumbe, yaani anayekusanya michango, akupe namba ya Desemba.