Somo: Punje 24 za maharagwe na jina la Kariokor

Walimu wenzangu, uliza darasa lolote la Eastlands hapa Nairobi kuna nini Kariokor, utajibiwa kwa pupa: soko, vyondo, akala, nyama choma. Uliza jina lenyewe limetoka wapi, wote wananyamaza. Hapo ndipo ninapoanzia kufundisha Vita vya Kwanza vya Dunia.

Zamani nilikuwa naanza na jibu. Naandika ubaoni "Athari za vita kwa Waafrika", naorodhesha sita, wanakopia, kengele inalia. Madaftari yalijaa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Siku hizi swali linatangulia. Hiki ni kipindi kimoja cha dakika 40. Nakitumia gredi ya 8 na ya 9, na sekondari kinafanya kazi vilevile.

Vifaa: nusu kilo ya maharagwe, picha ya sanamu ya askari iliyoko Kenyatta Avenue (ya simu inatosha, ukiichapisha ni bora), na mtungi wa maji wa lita 20.

Hatua ya kwanza: jina

Andika KARIOKOR ubaoni kwa herufi kubwa, kisha ufunge mdomo. Wakisie. Andika kila kisio, hata la mzaha. Mwaka mmoja kijana alisema lazima ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka pale. Alikosea, lakini kisio lake lilikuwa na akili: si bustani ya Jeevanjee, yenye jina la Mhindi, tunayo mjini? Baada ya dakika tano andika chini yake "Carrier Corps", uwaambie walisome kwa haraka mara tatu. Watacheka wakisikia ulimi wao wenyewe ukiligeuza. Waambie tu kwamba hicho kilikuwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, na kwamba kambi yao ilikuwa pale lilipo soko. Usiongeze.

Hatua ya pili: sanamu

Toa picha. Wanaume watatu wa shaba, kumbukumbu ya vita vya 1914 hadi 1918. Yupi ni mpagazi, na mmejuaje? Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Halafu uliza: majina yao yako wapi? Watasogeza picha karibu na macho. Hayapo. Usieleze kwa nini, liache swali lining'inie.

Hatua ya tatu: maharagwe

Hapa usiharakishe, hata kama itabidi upunguze hatua ya pili.

Kila kundi lipewe punje 24. Kila punje ni kilo moja ya unga, na mpagazi anakula kilo moja kwa siku. (Hizi ni namba zangu za mchezo, za kurahisisha hesabu, mzigo halisi ulizidi kilo 20.) Kila dawati ni mwendo wa siku moja. Mpagazi anatoka mlangoni, na kila akifika dawati anaacha punje moja: ameila. Askari anayengoja chakula yuko dawati la nane.

Waulize: akifika, amkabidhi askari punje ngapi? Wengi watapiga kelele "Kumi na sita!" Mwache atoe zote 16, kisha umwambie arudi nyumbani. Dawati la kwanza la kurudi, hana kitu cha kuacha. Darasa lote litacheka, halafu penseli zitaanza kazi. Kwenda nane, kurudi nane, kinachobaki kwa askari ni nane tu. Yaani wapagazi watatu ndio wanaofikisha mzigo wa mmoja.

Sasa msogeze askari hadi dawati la 12. Waache wahesabu wenyewe. Hakuna kinachofika. Mpagazi amebeba chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi.

Mwaka juzi, tulipofika hapo, msichana wa dawati la nyuma alisema taratibu, "Mwalimu, si asirudi tu." Darasa likanyamaza. Mwenzake akamuuliza, "Na huko atakula nini?" Sikuongeza neno. Sijawahi kuandika ubaoni kitu kilichoeleza vita vile vizuri zaidi.

Mtungi nao ni wa kuwaonjesha uzito wa mzigo: wainue kidogo tu, mmoja mmoja, kifuniko kikiwa kimekazwa. Nasisitiza kifuniko. Mara ya kwanza nilimruhusu kijana auzungushe darasani, kikafunguka, na rejista ya darasa ikaoga. Niliikausha juani uani siku mbili mbele ya walimu wote.

Hatua ya nne: sasa fundisha

Dakika kumi, kwa chaki, bila aibu. Kwa nini watu na si punda? Mbung'o waliua wanyama wa mizigo katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kulikokuwa na mapigano makali. Wapagazi walipatikanaje? Sheria ya 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa lazima, na 1917 msako ukawa mkubwa kuliko wote. Walikufa kwa nini? Wengi zaidi kwa magonjwa kuliko risasi: kuhara, malaria, njaa. Makumi ya maelfu hawakurudi, na mishahara ya wengi wao haikulipwa kwa familia. Hapo rudi kwenye picha na lile swali la majina. Watalijibu bila wewe.

Hatua ya tano: kazi ya nyumbani

Kila mtoto amuulize mtu mzima jina la mtaa wake limetokana na nini, na amuulize pia amejuaje. Hilo la pili ndilo muhimu zaidi. "Nilisikia" na "nilikuwepo" ni ushahidi wa aina mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Kayole: Darasa langu lina watoto 78. Wakianza kutembea kati ya madawati si itakuwa vita vya tatu?

Jibu: Wasitembee, zitembee punje. Chora madawati kwenye karatasi ya manila kama ubao wa drafti, kila kundi la sita karatasi yake. Utakosa kicheko cha yule anayerudi mikono mitupu, lakini hesabu inabaki ileile.

Mwalimu, Embakasi: Mkuu wa idara anataka silabasi iishe mapema. Nitapata wapi muda wa michezo?

Jibu: Mimi hufanya kipindi cha namna hii mara mbili kwa muhula, basi. Vingine ni chaki. Na nisikudanganye, kwenye maswali ya "taja" sijaona alama zikipanda. Nimeona tofauti kwenye maswali ya "eleza", ambako zamani waliandika mstari mmoja na kukwama.

Mwalimu, Dar es Salaam: Kumbe Kariakoo yetu na Kariokor yenu ni ndugu?

Jibu: Ndugu wa tumbo moja. Waingereza waliiteka Dar 1916, na kambi ya wapagazi ikaacha jina hilohilo. Ukifundisha, wape wanafunzi majina yote mawili bila maelezo, waone kama watagundua wenyewe.

Mwalimu, Dagoretti: Naweza kuigiza hivi hivi kipindi cha hali ya hatari, wengine wawe Mau Mau na wengine homgadi, wale Waafrika waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni?

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na kijana aliyepewa nafasi ya homgadi aliitwa hivyo uwanjani hadi shule zikafungwa. Nilimwomba msamaha, lakini jina lilishakwama. Na kumbuka darasani unao wajukuu wa pande zote mbili, wengine hawajui na wengine wanajua kabisa. Kwa mada hiyo tumia vitu badala ya watu. Mimi huanza na kipande, kitambulisho cha Mwafrika enzi za ukoloni: karatasi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Tengenezeni kimoja kwa bati la majani chai. Kipite mkono kwa mkono, kila mmoja aandike swali moja ambalo angemuuliza aliyekivaa. Ndipo mje kwenye tangazo la hali ya hatari la 20 Oktoba 1952, halafu ule msako wa Nairobi wa 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil. Maswali yao yatawafikisha huko.

Mama Gredi 8, Umoja: Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mtoto wangu alirudi na maharagwe mfukoni, nikadhani ameiba jikoni mwa shule. Hayo maharagwe mnanunua nyinyi?

Jibu: Mama, pole kwa usumbufu. Nanunua mwenyewe, na kila mara yanarudi pungufu. Muhula huu nimehamia mahindi yaliyobunguliwa. Mpaka sasa hakuna aliyeyatamani.