Kabla hujapeleka gari kupigwa rangi upya

Boneti ikipauka na kuchubuka kidogo, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo kwanza. Ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani na kompaundi (dawa ya kusugulia rangi ya gari) haitautoa, usijichoshe. Usiponasa, osha gari, maana mchanga ukibaki ndio utakaolikwaruza upya. Liache kivulini hadi bati lipoe, kisha sugua taratibu kwa kompaundi na kitambaa laini, kipande kimoja kimoja. Corolla yangu nyekundu ilinigeuzia kitambaa chote kuwa chekundu, nikajua nimeshaharibu! Kumbe rangi za zamani zisizo na klia juu, yaani lile tabaka la kung'arisha lisilo na rangi, hutoka hivyo. Kinachotoka ni tabaka la rangi lililochoka. Kwenye kingo usikandamize, rangi pale ni nyembamba. Mwisho paka nta, la sivyo jua litaipausha tena.