Somo: Kumhoji msanii hadi akwambie la maana

Wengi mmeuliza namna ya kurekodi mazungumzo na wasanii na waandishi wa huku kwetu, Kisumu na majirani zake, kuhusu ubunifu, utambulisho na jamii. Hayo maneno matatu yaandike kwenye daftari lako, kisha usiyatamke mbele ya msanii. Ukimuuliza mchongaji wa mawe wa Tabaka, kule Kisii, "utambulisho wako unachangiaje ubunifu wako?" atakupa jibu lile lile analowapa watalii na wafadhili: utamaduni wetu, mababu zetu, fahari yetu. Hadanganyi. Amekupa ulichoagiza.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kumjua mtu

Kama ni mwandishi, soma kitabu chake kimoja hadi mwisho, utie alama kwenye ukurasa uliokukera au uliokukosesha usingizi. Kama ni mchoraji, nenda ukasimame mbele ya ukuta alioupaka rangi, usitegemee picha ya simu. Msanii hachukui muda kujua kama umejitayarisha. "Ulianza sanaa lini?" ni swali la mtu aliyeshuka matatu sasa hivi, na jibu lake mara nyingi liko kwenye ukurasa wake wa Facebook.

Hatua ya 2: Mfuate anakofanyia kazi

Najua ufuoni Dunga, hapa Kisumu, kuna samaki wazuri na upepo wa ziwa. Pelekaneni huko baada ya kumaliza. Ukimhoji mezani, mikono yake itakuwa kwenye ugali, na wewe unaihitaji mikono hiyo (soma hatua ya 4). Karakanani kwake utaona kilichokamilika, kilichoharibika na kile alichokificha chini ya gunia, na hicho cha chini ya gunia ndicho cha kuulizia.

Hatua ya 3: Idhini, na mambo ya pesa

Washa kinasa sauti, mwambie jina lako, tarehe, rekodi itatumika wapi, kisha mwache ajitambulishe kwa jina analotaka liandikwe. Wengine wana jina la kazi na hawapendi lile la kitambulisho lionekane. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sauti na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi, kwa hiyo hii si adabu tu. Akiwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi. Na kama hakuna malipo, sema mapema. Kumwacha mtu azungumze saa nzima akitarajia kitu ni kumkosea heshima.

Hatua ya 4: Anza na mikono

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo nitakaa.

Tuseme umemtembelea mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Nyuzi zake ni nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ubao wa ala ili kushika mapigo. Acha maswali ya urithi wa Waluo. Muulize: "Hiyo pete uliipata wapi?" Swali dogo mno hilo, lakini jibu lake lina watu ndani. Ataeleza aliyempa, au fundi aliyemtengenezea, au mzee aliyekataa kumfundisha mpaka afanye jambo fulani kwanza. Na kama mpigaji ni mwanamke, basi jitayarishe kusikiliza, maana kwa desturi nyatiti ilikuwa ala ya wanaume. Atakwambia nani alinuna, nani alimtetea, na siku ya kwanza alipiga mbele ya nani. Utambulisho wote umeingia na wewe hujautaja.

Au umekwenda Tabaka, Kisii. Jiwe lao, lile la sabuni, ni laini na huchongwa likiwa bichi, kwanza kwa panga, kisha kwa patasi na visu. Likishapata umbo, husuguliwa kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka lilainike, likauke, lipakwe nta. Kwa kawaida kuchimba na kuchonga ni kazi ya wanaume. Wanaosugua wengi ni akina mama. Kaa karibu na karai. Utasikia ule mkwaruzo wa msasa ukibadilika kadiri mchanga unavyoisha kwenye karatasi, na maji yanageuka kama maziwa. Sasa muulize mchongaji: "Kiboko huyu akiuzwa, aliyemsugua anapata ngapi?" Huenda akageuka kumtazama mama aliye kwenye karai kabla ya kujibu. Iandike hiyo. Mazungumzo kuhusu jamii yameanza, tena yana bei.

Kwa mwandishi, mikono ni rasimu. Omba akuonyeshe ukurasa wenye maneno aliyoyakatakata. "Sentensi gani ilikuuma kuifuta?" lina nguvu kuliko "unapata wapi mawazo?", swali ambalo binafsi ningelipiga marufuku kaunti zote.

Hatua ya 5: Nyamaza

Akimaliza kujibu, usikimbilie swali lijalo. Mtazame, kaa. Watu wa huku hatupendi ukimya mrefu kati ya wageni, kwa hiyo atauziba yeye, na mara nyingi atauziba kwa lile alilokuwa amelibana.

Hatua ya 6: Jamii ina majina

"Jamii inakuchukuliaje?" huleta malalamiko ya jumla. Uliza nani alinunua kazi ya kwanza. Nani husoma rasimu kabla ya mhariri. Nani nyumbani hajui unafanya nini hasa. Kwa mwandishi, uliza pia njia ya kitabu: kimechapishwa wapi, kinauzwa wapi, mama yako amekisoma?

Inasaidia kujua waliotangulia, ili usimwulize msanii wa Kisumu kana kwamba mji huu ulianza juzi. Okot p'Bitek, yule mshairi wa Uganda, aliandaa tamasha la sanaa hapa mwaka 1968. Mwandishi Asenath Bole Odaga hakungoja wachapishaji wa Nairobi; alianzisha kampuni yake ya uchapishaji hapa Kisumu mwaka 1982. Mwandishi mwenzake Grace Ogot aliandika kwa Kiingereza na kwa Dholuo, lugha ya Waluo. Kumbe suala la lugha unaweza kuliuliza bila kumtaka mtu atetee kabila lake: "Ulipoandika hiki, ulimwona nani akisoma?"

Hatua ya 7: Mrudishie maneno yake

Ukishanakili na kupunguza, msomee sehemu utakazotumia. Akijibu kwa Dholuo, Ekegusii au Lubukusu nawe ukaandika Kiswahili, weka rekodi asilia na utafute mzawa wa lugha hiyo akague. Usimtegemee binamu yako anayeelewa nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Nakuru: *Nahoji kijana wa rap hapa Nax (Nakuru). Anaongea Sheng' tupu. Nisafishe iwe Kiswahili sanifu?*

Ukisafisha umehoji mtu mwingine. Acha Sheng' yake, toa vijazio tu, zile "yaani" na "unajua" zinazorudiwa kila pumzi. Pale msomaji wa Siaya atakapokwama, mwache kijana mwenyewe afafanue kwa sentensi ya pili. Mwulize hapo hapo, usijaze wewe ukifika nyumbani.

Kakamega: *Salamu mwalimu. Kikundi cha ngoma ya isukuti kimekubali kuhojiwa, lakini wazee wanataka pesa kabla hawajagusa ngoma. Wenzangu wanasema nikilipa nitakuwa nimenunua majibu.*

Tenganisha vitu viwili. Kuongea ni kuongea, kupiga ni kazi. Wakipiga zile ngoma tatu na vijana wakacheza, hiyo ni burudani na ina bei yake, kama harusini. Lipa, na uandike kwamba ulilipa. Kwa mazungumzo, nauli na chai zinatosha. Jambo kubwa zaidi ni rekodi yenyewe. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Kwa hiyo idhini ya mpigaji mmoja haitoshi kwa wimbo wa jamii nzima. Keti na viongozi wa kikundi, mwafikiane kwa maandishi rekodi itakwenda wapi, na wapate nakala.

Siaya: *Mwandishi niliyemhoji amesoma nakala, sasa anataka nifute alichosema kuhusu babake. Ndiyo sehemu bora kabisa!*

Futa. Pole, najua inauma. Lakini mpigie umwulize kama kuna namna angependa jambo hilo lisemwe. Mara nyingi tatizo si babake, ni jina la kijiji au mwaka unaomtambulisha mtu mwingine ambaye yuko hai. Akishikilia msimamo, baba anatoka.

Kibuye, Kisumu: *Fundi wangu ni wa jua kali, anaunda sanamu za vyuma. Kelele haziishi. Nimpeleke mahali patulivu?*

Hapana. Fika asubuhi kabla majirani hawajawasha mashine, muongee. Simu iweke karibu na kifua chake, juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza ya chuma, kwani meza hubeba kila nyundo ya jirani. Kisha akianza kugonga, rekodi dakika kadhaa za kugonga bila maneno. Na weka simu isipokee miito, maana wanaokupigia nao huamka mapema.