Kikadi cha chini ya siti

Wakuu, kale kakitabu ka pikipiki wengi tunakatupia kabatini, siku umekwama njiani hakakusaidii kitu. Mi nilikata boksi gumu saizi ya kiganja, nikanakili namba muhimu za kakitabu kwa maka peni, nikazungushia selotepu pande zote maji yasiingie afu nikalibandika chini ya siti.

Andika vile fundi anavyouliza tu. Oili aina gani na ujazo wake (yangu inakula 20W-50), upepo wa tairi mbele na nyuma ukiwa peke yako na ukipakia, cheni inatakiwa icheze milimita ngapi, hiyo unapima upande wa chini katikati ya sproketi mbili (zile gia za meno zinazobeba cheni). Saizi ya tairi wala usihangaike, chungulia ubavuni, ikiandikwa 3.00-17 maana yake upana inchi 3 na rimu inchi 17.

Plagi ya injini sasa ndo yenye kesi. Namba itoe kwenye kitabu, usikopi iliyomo maana huwezi jua fundi wa mwisho alifunga nini, na andika herufi zote, mi niliwahi kununua kwa kukisia, muuzaji ananiambia zote sawa tu mkuu, kufika home haishiki hata uzi!

Kilomita za kumwaga oili weka kwenye simu, zinabadilika kila mara. Kikadi nacho kipige picha. Ila kadi ya usajili usiifiche humo chini ya siti jamani, mwizi akibeba pikipiki kabeba na kadi yake.