Zile namba mbili kwenye dumu la oili

Wengi wakiona 15W-40 kwenye dumu hudhani 40 ni joto la nje. Sivyo. Namba yenye W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi: 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini, 5W kwenye 30 chini. Namba ya pili ni uzito wake, yaani unene wake wa kutiririka, ikishapata moto, kwenye nyuzi 100.

Kwa hiyo lori la dizeli lisilojua barafu, 15W-40 kwa kawaida inalitosha. Ukichagua 5W-40 kwa ajili ya baridi tu, unalipia baridi ambayo haipo. Lakini lori likilala nje kwenye barafu kali, 15W hugeuka kama asali: stata inazunguka kwa shida, na oili inachelewa kufika kwenye turbo. Hapo 5W-40 inalipa.

Kuna tabia ya kumimina 20W-50 kwenye injini iliyochoka ili moshi upungue. Mimi siipendi. Moshi unafichika kwa muda, ringi za pistoni zilizolika zinabaki zilezile, na asubuhi unasikia sehemu ya juu ya injini ikigonga kabla oili haijapanda.

Namba ya pili usiibadilishe bila kuangalia kitabu cha gari, hasa kama unabeba mzigo mzito milimani. Angalia na daraja la API pia, yaani alama ya aina ya oili iliyoandikwa kwenye dumu: FA-4 ni nyepesi, haifai injini za zamani zinazotaka CK-4 au CI-4.