Sombe nyumbani, mbuzi nje: namna ya kuwalisha marafiki vizuri mjini Bukavu

Mtu anayependa chakula, na anayependa zaidi kukila pamoja na wenzake, hana budi kuamua mapema nini atapika mwenyewe na nini atakifuata nje. Kwa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, msimamo wangu ni huu: chakula kinachodai saa nyingi na jicho la mpishi kipikwe nyumbani, na kile kinachodai moto mkubwa, mchomaji aliyebobea na kuliwa palepale kinapotoka motoni, kifuatwe kwa wanaokifanya kila siku. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, maharagwe na bugali, yaani ugali, ni vya nyumbani. Mishikaki ya mbuzi na tilapia mzima ni vya nje. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanafaa pote pawili, ingawa nitaeleza kwa nini napenda kuwakaanga mwenyewe. Vipimo vyote hapa chini ni vya watu sita, idadi inayotosha kuzungushia sahani moja kubwa bila mtu kulazimika kusimama.

Anza na sombe, kwa sababu ndiyo itakayoamua saa ya kula. Majani ya muhogo yana kitu kiitwacho linamarini, ambacho jani linapopondwa hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nacho, na hapo hutoa sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Jambo hilo linatisha kulisikia, kumbe ndilo linalotuokoa: sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo ikishafunguliwa na kinu, sufuria iliyo wazi juu ya moto huifukuza pamoja na mvuke. Majani yakichemshwa mazima, joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na sumu hubaki imefungwa ndani ya jani. Ndiyo maana utaratibu wa mama zetu, yaani kutwanga kwanza hadi majani yalainike kabisa, kisha kuchemsha kwa muda mrefu bila mfuniko, haupaswi kupunguzwa hata siku ambayo wageni wamekwisha kupiga hodi.

Sokoni Kadutu au Nyawera utapata sombe iliyokwisha kutwangwa, na hakuna aibu kuinunua hivyo. Omba kidogo kwenye kiganja, uisugue kati ya vidole gumba na cha shahada. Ikiwa inateleza kama unga uliolowa, imetwangwa vya kutosha. Ukigusa nyuzi ndefu na vipande vya vikonyo, ujue kinu kilichoka mapema na utatafuna mezani kile ambacho mchi uliacha. Rangi iwe ya kijani kilichokolea na harufu iwe ya majani mabichi. Ile iliyolala imeanza kuwa nyeusi pembeni na ina uchachu unaopanda puani, nayo hairekebishwi na kiungo chochote. Muulize muuzaji kwa heshima, “Mama, hii imetwangwa leo?”, kisha uangalie pia mikono yake: anayetwanga asubuhi hiyo bado ana kijani kwenye kucha.

Kwa watu sita, kilo moja ya majani yaliyotwangwa inatosha. Yatie katika sufuria kubwa yenye lita tatu za maji, uyaache yachemke wazi kwenye jiko la makala, yaani mkaa, kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili na nusu, ukiongeza maji ya moto kila yanapopungua. Usishangae ukiona muda huo ni mrefu kuliko alivyokuambia ndugu yako aliyeko Uvira au Kinshasa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wetu umepanda vilima kutoka hapo, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kuongeza makala hakuyafanyi maji yawe ya moto zaidi, bali huyafanya yakauke haraka tu. Kinachohitajika ni muda.

Maji yakikaribia kuisha na majani yakiwa yameacha harufu ya ubichi, ndipo utie vitunguu viwili na pilipili hoho mbili zilizokatwakatwa, samaki wawili wa kukaushwa kwa moshi waliotolewa miiba, na glasi moja ndogo ya mafuta ya mawese. Karanga zilizosagwa, gramu 200 hivi, zikorogwe kwanza na maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji, na ziingie mwishoni kabisa, kwa dakika 20 zilizobaki, kwa sababu karanga hushika chini ya sufuria na kuungua upesi, na ladha ya kuungua huenea katika sombe yote. Kuanzia hapo usiondoke jikoni. Sombe imeiva pale mafuta mekundu yanapojitenga na kuelea pembeni.

Ikiwa mnakusudia kula saa saba mchana, basi sombe iwe motoni kabla ya saa nne asubuhi. Maharagwe, kama utayaongeza, yalowekwe tangu usiku, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika kumi za mwanzo bila kupunguza moto, maana maharagwe mekundu mabichi yana lektini inayoumiza tumbo, na moto hafifu wa tangu mwanzo hauiharibu.

Sasa sambaza. Samaki hawa wadogo, ambao wengi wetu tunawahesabu kuwa wa Kivu tangu enzi za mababu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na katika muda mfupi wa maisha ya ziwa wamekuwa chakula cha kila nyumba kuanzia Bukavu hadi Goma, na ng'ambo ya pili nchini Rwanda. Wavuvi huwatafuta usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwavuta kwa mwanga wa taa hadi juu ya wavu. Kutokana na hilo mpishi anapata kanuni ya kununua: usiku wa giza taa huwavuta samaki wengi, lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hufifia mbele ya ule wa angani na mavuno hupungua. Kwa hiyo, ukipanga mwaliko wa sambaza, tazama mwezi kabla ya kuchagua tarehe, na katika wiki ya mbalamwezi uwe tayari kubadili chakula kuliko kununua waliokaa.

Sambaza mzuri anang'aa kama fedha, tumbo lake halijapasuka, na jicho lake ni jeusi lililo wazi. Mwekundu kuzunguka jicho na mlegevu mkononi amekaa tangu jana. Nunua kilo moja na nusu, kwa kuwa watu hula zaidi ya wanavyosema. Waoshe mara mbili kwa maji baridi bila kuwapasua, uwaache kwenye chujio hadi wakauke, kwani maji yaliyobaki ndiyo yanayofanya mafuta yaruke na samaki wawe laini badala ya kulia kwa ukavu wanapotafunwa. Watie chumvi na ndimu dakika kumi tu kabla ya kukaanga, uwapake unga kidogo wa ngano au wa mahindi, kisha uwaweke katika mafuta yenye moto kwa konzi moja moja. Wengi huharibu hapa kwa haraka: wakiingia wengi pamoja, mafuta hupoa, samaki hushikana na kunywa mafuta. Sauti ndiyo kipimo bora kuliko saa. Mwanzoni mafuta hupiga kelele nyingi, kisha hutulia maji ya samaki yanapokwisha, na hapo uwatoe. Wanapaswa kuliwa ndani ya dakika chache, ndiyo maana nasema ni bora kuwakaanga nyumbani huku marafiki wamekwisha kunawa mikono: kwenye mikahawa mingi hukaangwa mapema na kupashwa moto upya.

Bugali upikwe wakati sambaza wa mwisho wako kwenye mafuta. Chemsha lita mbili na nusu za maji, toa vikombe viwili uviweke kando, kisha mimina kilo moja na robo ya unga wa muhogo, au wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na usonge kwa mwiko ukiongeza maji ya akiba kidogo kidogo hadi uvutike bila madonge. Kuhusu unga wa muhogo nasisitiza jambo moja. Mizizi michungu isiyolowekwa siku za kutosha hubaki na sumu ileile ya majani, na mtu anayeila kwa wingi bila maharagwe, samaki wala nyama anaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usio na tiba, ambao daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu. Ukiutilia shaka unga ulionunua, ulowanishe, uutandaze kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, na uuache saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kuusonga. Hakuna gharama yoyote katika hilo.

Pilipili iwe peke yake kwenye kibakuli, imepondwa na chumvi, ndimu na mafuta kidogo, ili kila mtu ajipimie. Mgeni akizidiwa, mpe maziwa na si maji, kwa sababu ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta ya maziwa lakini hauyeyuki katika maji. Baada ya chakula, nanasi la kisiwa cha Idjwi linatosha, na sioni haja ya kuongeza kitu kingine kitamu.

Kula nje kuna adabu na maandalizi yake. Kosa la kwanza ni kufika watu sita wenye njaa mahali ambapo hawakuwatarajia. Mikahawa yetu mingi, hata ile mizuri ya Ibanda inayotazama ziwa, huanza kupika baada ya kuagizwa, na kungoja saa moja na nusu ni jambo la kawaida. Mmoja wenu apige simu asubuhi, aseme idadi, saa na chakula, na aulize kama tilapia wapo siku hiyo badala ya kutegemea karatasi ya orodha. Mkifika, ombeni kuwaona samaki kabla hawajaguswa na mafuta. Mashavu yawe mekundu kwa ndani, na ngozi ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Mpishi anayejiamini hakasiriki kwa ombi hilo, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Kwa mbuzi, tazama moto kwanza. Makala yanayowaka ndimi huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Unayotaka ni yale yaliyofunikwa na majivu meupe, na mchomaji anayegeuza mishikaki mara kwa mara. Agizeni vipande vyenye mafuta kidogo kati ya nyama, kwa sababu mbuzi mkavu hubaki mgumu hata achomwe na nani, na muombe viletwe kwa awamu mbili ili vya pili visipoe vikiwangoja. Makemba (ndizi za kupika) ya kuchoma yanaenda navyo vizuri kuliko viazi vya kukaanga, ambavyo hushibisha kabla ya nyama kufika.

Kabla ya kuagiza kwa pamoja, uliza kila mtu asichokula. Katika kundi la marafiki wa Bukavu ni rahisi kuwa na Mwadventista asiyekula nguruwe wala kambale, na Mwislamu anayetaka kujua nani aliyechinja. Maswali hayo yaulizwe kwenye simu ya asubuhi, si mbele ya mhudumu, ili rafiki asijione mzigo mezani.

Mwisho ni malipo, ambayo huharibu jioni nyingi nzuri. Kuna kundi ambalo kila mmoja hutoa mchango mwanzoni mwa mwezi, kama likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha, na mwenye kuutunza ndiye anayelipa. Utaratibu huo ninaupenda kuliko mwingine, kwa kuwa aliye na kipato kidogo hahitaji kuagiza soda peke yake huku wenzake wakila. Msipokuwa na mfuko wa pamoja, kubalianeni kiasi kabla ya kuketi, na aliyealika aseme wazi kama analipa yeye. Aliyeshika fedha abebe franka za kutosha, na kama ana dola, azikague nyumbani moja moja, kwa sababu noti yenye mpasuko hata mdogo pembeni itakataliwa, na kutafuta mtu wa kuibadilisha saa tatu usiku ni kazi ngumu.