Kukarabati maktaba kongwe ya chuo kikuu: maji kwanza, soketi baadaye

Juzi nilimsaidia mwenzangu aliyekabidhiwa jengo la aina hii. Alikuwa na mchoro wa kila soketi, ila hakuwa na hata ukurasa mmoja kuhusu kuta.

1. Hamisha vitabu. Kila sanduku liwe na namba ya rafu yake.

2. Rafu za chuma usizing'oe kabla mhandisi hajazikagua. Katika maktaba nyingi za zamani rafu ndizo nguzo. Maktaba ya umma ya New York, iliyofunguliwa 1911, ukumbi wake mkuu wa kusomea umebebwa na ghorofa saba za rafu.

3. Kuta. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hunywa maji, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu. Niliwahi kumruhusu fundi apige lipu ya saruji kwa sababu hukauka upesi. Ilipendeza kweli. Mvua za msimu mmoja tu, maji yakakosa pa kutokea, chumvi nyeupe ikachanua, lipu ikabanduka pamoja na nyuso za matofali. Tulirudia kazi yote huku vitabu vikiwa masandukuni.

Kwa hiyo anza na mifereji ya paa, na udongo wa nje uuchimbe uwe chini ya usawa wa sakafu. Bandua saruji kwa nyundo na patasi. Mashine hupasua matofali. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, maana ukiiosha inarudi ukutani. Halafu subiri. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, basi ukuta wa milimita 450 unaweza kudai mwaka na nusu. Mwambie mkuu wa chuo mapema.

Lipu mpya: chokaa sehemu 1, mchanga safi wa chenga sehemu 3, kila safu isizidi milimita 10. Ifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwani chokaa hukomaa kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani, na ikikauka ghafla hupasuka. Atakayekushauri uongeze saruji "kidogo tu", mkatalie. Rangi nayo iwe ya chokaa. Ya plastiki huziba ukuta uleule ulioufungua.

4. Nyaya za umeme na intaneti zipite chini ya sakafu ya mbao au kwenye mabomba ya nje ya ukuta.

5. Weka kipima unyevu. Hewa ikikaa chini ya asilimia 60 kwa wiki kadhaa mfululizo, rudisha vitabu, na rafu zisiguse ukuta wa nje.